Je, Mwenye Njaa Angoje?

Je, ni haki kumwambia mwenye njaa angoje mpaka nchi itajirike? Swali hili si la wataalamu wa uchumi peke yao. Ni swali la dhamiri, na kila jamaa yapasa ilifikiri. Brazil, nchi yenye watu zaidi ya milioni 200, yatupa mfano wa kulipimia.

Tangu mwaka 1968 hata 1973, chini ya utawala wa kijeshi, pato la nchi ile lilipanda kwa kadiri ya asilimia 10 kila mwaka. Barabara zilifunguliwa, viwanda vikasimama, watu wakayaita mambo hayo muujiza. Usemi uliovuma ulikuwa huu: keki sharti iumuke kwanza, ndipo igawanywe. Keki iliumuka kweli. Lakini hesabu ya watu ya mwaka 1970 ilionyesha kuwa fungu la matajiri limezidi lile la mwaka 1960. Kisha ikaja miaka ya 1980 na madeni yake, na maskini wakaambiwa tena wangoje.

Hata hivyo tusidanganyane: kisichopikwa hakigawanywi. Mwaka 1993 bei zilipanda kupita asilimia 2,000, zikautafuna ujira wa mnyonge kabla hajafika sokoni. Sarafu mpya ya mwaka 1994, iitwayo real, ilimfaa kuliko hotuba nyingi. Kutunza vema mali ya nchi ni sehemu ya haki.

Mwaka 2003 Serikali ilianzisha mpango wa Bolsa Família: fedha kidogo kila mwezi kwa jamaa maskini, nyingi zikikabidhiwa akina mama, kwa sharti watoto waende shule na wapate chanjo. Nchi haikufilisika kwa ajili hiyo. Mwaka 2014 Brazil iliondolewa katika Ramani ya Njaa ya Umoja wa Mataifa. Baadaye ikarudi humo, na mwaka 2025 ikaondolewa tena. Haki ni kama shamba: ukiacha kupalilia, magugu hurudi.

Wahenga walinena, mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Serikali yaweza kungoja miaka 20. Mtoto wa miaka miwili hawezi. Mwili wake na akili yake vyajengwa sasa, na akikosa chakula leo, utajiri wa kesho hautamrudishia alichokosa. Baba mwema, apatapo kidogo, hawaambii wanawe wasubiri mpaka awe tajiri; hugawa kilichopo, kisha hushika jembe na kurudi shambani. Taifa nalo, likiwa ni jamaa moja, litatendaje kinyume cha hayo?