Hukumu ya Picha ya Jani Lipukutikalo, na Adabu ya Kulitazama

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na sahaba zake. Ama baada ya hayo:

Katika nchi za baridi, kama Vermont katika Marekani na Kyoto katika Japani, yako majira ya kupukutika majani, ambayo Waarabu huyaita kharifu. Yafikapo, watu hutoka na kamera, wakapiga magoti, wakasogeza kioo karibu na jani moja hata mishipa yake ikaonekana kama njia za mji. Hapa pana masuali mawili: je, ni halali? Na je, moyo hupata nini?

Jua, ewe ndugu msomaji, ya kuwa la kwanza limekwisha jibiwa zamani. Ibn Abbas, Mungu amuwie radhi, alijiwa na mtu ambaye riziki yake ilikuwa kuchora sura. Akamuonya, kisha akamuelekeza kwenye miti na visivyo na roho. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 wa Hijra (1277), ameeleza katika sharhi ya Sahihi Muslim ya kuwa sura ya mti si haramu, ingawa Mujahid aliuchukia mti wa matunda. Na Sheikh Muhammad Bakhit, aliyekuwa Mufti wa Misri tangu 1914 hata 1920, aliandika risala kuwa picha ya kamera ni kuzuia kivuli tu, wala si kuumba. Wako waliomkhalifu, lakini khitilafu yao ni katika viumbe vyenye roho.

Akisema msemaji: Jani nalo lina uhai, hukua na kufa, ajibiwe: Uhai wa kukua ni jambo moja, na roho ni jambo jingine.

Ama suali la pili ndilo zito. Siku zifupikapo na baridi iingiapo, mti huacha kutengeneza rangi ya kijani, na iliyomo huvunjika. Hapo manjano hudhihiri. Nayo ilikuwamo tangu mwanzo, imefunikwa tu. Lakini wekundu hufanywa mwishoni, kwa sukari iliyobaki janini. Na wakati huo huo mti huvuta chakula kilichomo janini, ukakirudisha katika matawi na shina, kisha ukaziba penye kikonyo. Ndipo jani likaanguka. Basi jani haliondoki mpaka limerudisha amana nyingi iliyokuwa kwake. Ni wangapi katika wanaadamu waondokao, na madeni yao yako shingoni, wala wasia hawakuandika?

Mpiga picha wa karibu hufundishwa na chombo chake mwenyewe. Kioo kikisogea sana, huwa wazi sehemu ndogo tu, na zilizobaki zote huwa ukungu. Basi aonaye kwa karibu asidhani ameona chote. Upepo ukivuma hana budi kungoja. Na mara nyingi hulipita jani lenye matundu, akatafuta lisilo na ila. Na pengine lile la matundu ndilo lililolisha wadudu, likafaa kuliko zuri.

Aibu haimo katika kupiga, imo katika kutotazama. Mtu huweka picha elfu katika simu, asirudi hata kwa moja. Na shahidi asiyeulizwa hana faida. Akipiga ili asifiwe, ameingia katika riya. Ikimpita sala kwa ajili yake, amepata dhambi. Akipiga apate kutafakari, akalipa deni aliloahirisha, jani limekuwa muadhi wake.

Wala mtu wa pwani asiseme haya ni ya wenye baridi. Mkungu ulio uani hugeuza majani yake mekundu kabla hayajaanguka. Asubuhi hufagiwa, wala hapana aliyeinama kuyaangalia. Ilimu ya Mwenyezi Mungu imelienea kila jani liangukalo, kama ilivyotajwa katika Suratul An'am. Kwake halipotei hata moja. Atakayeulizwa ni yule aliyepewa macho.

Wallahu aalam, wabillahi taufiki.