Sufi Isiyovalika

Kiangazi kikikolea Bagamoyo, matunda ya msufi hupasuka yakiwa bado mtini na kuachia nyuzi laini kama nywele za mtoto mchanga. Kila uzi ni mrija mtupu, hewa ndani, nta nje. Ndiyo maana sufi huelea, na zamani ilijazwa kwenye maboya ya mabaharia. Pwani hutiwa ndani ya mito na magodoro. Kwa nguo haifai: inateleza mno, haisokoteki.

Arabuni sufi ni manyoya ya kondoo. Mswahili alilichukua jina, akalitumia kwa manyoya na kwa mti wake pia, kisha akamwita sufi mcha Mungu aliyeipa dunia kisogo. Wanazuoni wengi husema mtu huyo aliitwa hivyo kwa joho lake la manyoya, vazi la mafukara. Mwanazuoni Al-Qushayri, aliyefariki 1072, hakuridhika: watu hao, alisema, hawakuwa na upekee wa kuvaa sufi. Hasan wa Basra, aliyemtangulia kwa zaidi ya karne tatu, anasimuliwa kuwakemea waliovaa unyenyekevu mwilini huku kiburi kimejaa moyoni.

Je, unyenyekevu huvaliwa?

Swali hilo Bagamoyo lilikuwa zito kuliko Basra. Tarika ya Qadiriyya, inayojinasibisha na Abdul Qadir al-Jilani wa Baghdad, ilienea pwani hii kwa juhudi za watu kama Sheikh Uways wa Barawa, aliyeuawa 1909. Khalifa mashuhuri wa tarika hapa mjini alikuwa Sheikh Yahya bin Abdallah, maarufu Sheikh Ramiya. Asili yake Manyema, mashariki ya Kongo. Aliletwa pwani mtumwa angali mdogo, akakulia nyumbani kwa liwali Amir bin Suleiman al-Lamki. Akasoma, akasomesha, mpaka watu wa kila nasaba wakaja kuketi mbele yake.

Enzi za utumwa, kofia na viatu vilikuwa alama ya uungwana. Mtumwa hakutakiwa kuvivaa mbele ya bwana wake. Tajiri wa Basra akivua hariri na kujitwika manyoya, ameacha kitu. Aliyenyimwa hata kofia aache nini? Vitabu vya zuhudi, tuseme ukweli, mara nyingi huzungumza na wenye cha kuacha. Kwa mtu wa Manyema, kanzu iliyopigwa pasi na kofia ya viua havikuwa majivuno hata kidogo. Alikuwa anadai utu wake.

Basi unyenyekevu ulitafutwa kwingine, kwenye duara la zikri: bega kwa bega, miili ikiyumba pamoja, pumzi zikivutwa kwa mahadhi mamoja. Anayetaka sauti yake isikike peke yake huwavuruga wote. Na kwenye Surat Al-Qaria, wanayoijua hata watoto wa chuoni, milima inakuwa kama sufi iliyochambuliwa, kisha ndipo mizani hutajwa. Nasaba haimo.

Ajabu ni kwamba nasaba ilirudi kwa mlango mwingine. Utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika 1922. Lakini Sheikh Ramiya alipofariki 1931, ukhalifa ukashikwa na mwanawe, Sheikh Muhammad Ramiya, ambaye baadaye alikuwa mtu wa chama cha TANU.