Vilivyoundwa Visielee

Wahenga walisema: usione vyaelea, vyaundwa. Methali hii hutufundisha kumkumbuka fundi pale tuonapo chombo kikielea. Lakini tufikirije juu ya vile vilivyoundwa kwa jasho, visielee hata siku moja? Je, kazi iliyokatizwa ni kazi bure? Na yule aliyeikatiza, ametenda dhuluma au hekima? Swali hili nimelibeba miaka mingi, na kilichonisaidia kulifikiri ni ndege ambayo haikuruka kamwe.

Ndege hiyo ni Boeing 2707. Tarehe 5 Juni 1963 Rais John F. Kennedy alitangaza kwamba Marekani ingeunda ndege ya abiria yenye kwenda kasi kuliko sauti, ili isiachwe nyuma na Waingereza na Wafaransa waliokwisha kuanza Concorde yao. Mwishoni mwa mwaka 1966 Boeing ya Seattle iliteuliwa badala ya Lockheed. Ndege ingechukua abiria wapatao 300, kwa mwendo wa karibu kilomita 2,900 kwa saa. Mwili wake ungekuwa wa titani, kwa kuwa alumini isingestahimili joto la kasi hiyo. Mabawa yake yalichorwa yawe ya kusogea: yatanuke wakati wa kupaa na kutua, yarudi nyuma ikiwa angani. Mitambo ya kuyasogeza ikawa mizito mno, na mwaka 1968 wahandisi wakayaacha, wakachora mabawa yasiyosogea. Tarehe 24 Machi 1971 Seneti ilikataa kutoa fedha zaidi, kwa kura 51 dhidi ya 46. Ndege mbili za majaribio zilizokuwa zikiundwa hazikumalizika.

Wako watu wanaokusanya stempu. Mimi hukusanya visanduku vya zamani vya ndege ndogo za plastiki, zile za kuunganisha kwa gundi. Katika miaka ya 1960 Revell iliuza ndege hii ndani ya kisanduku, ilhali yenyewe ilikuwa bado ni michoro. Fikiri, msomaji: mtoto aliyeketi sakafuni kwao aliweza kuimaliza ndege ambayo maelfu ya wahandisi hawakujaliwa kuimaliza. Kisanduku kimoja ninacho, na vipande vyake havijabanduliwa. Wakusanyaji wenzangu husema kwamba ukishakiunganisha, thamani yake imeshuka. Huu nao ni utaratibu wa ajabu, kwamba kitu kithaminiwe kwa kutotimizwa.

Mapenzi haya yana chanzo. Nilikuwa mchora ramani, na kwa miaka minne mimi na wenzangu tulichora daraja lililoagizwa na ofisi moja. Siku moja ikaja barua ya mistari mitatu: kazi imesimamishwa. Hakuna aliyekuja kutueleza. Yule mzee aliyenifundisha kazi alistaafu bila kuona hata nguzo moja ikisimikwa. Basi nilipoanza kusoma habari za ndege hii, moyo wangu ulikuwa upande wa mafundi. Niliposoma kwamba wafanyakazi wa Boeing katika eneo la Seattle, kwa sababu hii na nyinginezo, walipungua kutoka takriban 100,000 mwaka 1967 hadi chini ya 40,000 mwaka 1971, nilizidi kuwaonea uchungu.

Lakini haki ina pande zaidi ya moja. Kuanzia Februari hadi Julai 1964, serikali ya Marekani ilirusha ndege za kijeshi juu ya mji wa Oklahoma City, zikipita kasi ya sauti, kwa kawaida mara nane kwa siku, ili ipime kama watu wangeustahimili mshindo wake. Mishindo ilikuwa 1,253. Vioo vilivunjika, na malalamiko yalipita 15,000. Walipoulizwa mwishoni, watu 27 katika kila 100 walisema hawangeweza kuishi nao. Mwaka 1967 mwanafizikia William Shurcliff alianzisha chama cha raia cha kuipinga mishindo hiyo.

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Abiria hulipa nauli, akapata saa alizoziokoa. Aliye chini hulipa usingizi wake, asipate chochote. Yeye hakukata tiketi. Mwenye kusema kwamba wengi wa Oklahoma City walivumilia, na ajiulize kama uvumilivu wa jirani ni mali yake ya kutumia. Nami nikalikumbuka daraja letu. Barabara ya kuliendea ingekata mashamba ya watu, mashamba ambayo katika ramani yoyote ni nafasi nyeupe tu. Mihogo ya watu wale ilisalimika kwa barua ileile iliyotuumiza sisi.

Kwa hiyo naona tumezoea kuchanganya mambo mawili. Heshima ya kazi ni jambo moja, na haki ya kitu kuwapo ni jambo jingine. Mwenye kupinga ndege hana haja ya kumdharau fundi wake, wala fundi hapunguziwi ustadi kwa kuambiwa hapana. Lakini anayesema hapana ana deni: aseme hadharani, atoe sababu, na ahesabiwe kwa jina lake. Maseneta wale walibishana mbele ya watu na kila kura ikaandikwa. Wahandisi wa Seattle walipoteza ndege yao, walakini walijua nani kaikataa na kwa nini.

Sisi tulipewa mistari mitatu. Hata leo sidai kwamba daraja lile lingejengwa. Labda ilikuwa sawa lisijengwe. Ninachodai ni kwamba mzee wangu alistahili kukalishwa kitini na kuambiwa sababu. Ewe mwenye mamlaka ya kusimamisha kazi za watu, simamisha inapobidi, lakini usiwaache mafundi wako wakikisia.