Machozi ya Elizabeti

Ndugu wakatekumeni, msidhani ya kuwa watakatifu hawakulia. Mwaka 1227 Mtakatifu Elizabeti wa Hungaria aliletewa habari ya kwamba mume wake, Ludwig, amekufa kwa homa safarini. Alikuwa na miaka 20 tu, na mtoto wa tatu angali mchanga. Akalia kwa sauti kubwa mbele ya watu, wala Mungu hakumkemea.

Baadaye akajenga nyumba ya wagonjwa katika mji wa Marburg. Huko hakupewa njozi kila siku. Alipewa vidonda vya kuosha, na sufu ya kusokota ili apate riziki. Alipowaosha maskini, alijua ya kuwa anamwosha Yezu.

Basi mjane wa kijiji chenu akilia huku akipalilia, msimnyamazishe. Mpokeeni jembe, mmalizie mstari wake.