Sauti ya gurudumu la mbele



Anayesafiri mara kwa mara kati ya Katana na Bukavu anaijua sauti hii. Gari likiondoka pole pole haisikiki. Likishashika mwendo, mvumo unaanza chini ya miguu ya abiria wa mbele, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo unavyopanda. Dereva akikata kona kwenda kuume, unakua. Akikata kwenda kushoto, unapungua. Abiria wanatazamana. Na mara nyingi dereva wetu hufanya jambo moja tu: anaongeza sauti ya redio.

Wiki hii nilikaa kwenye garaji nikitazama fundi akibadilisha beringi za mbele za Starlet ya parokia, mojawapo ya yale magari madogo ambayo Toyota iliacha kuyatengeneza mwaka 1999 lakini bado yanapanda na kushuka barabara zetu kila siku. Nimetoka pale na neno la kuwaambia.

Beringi ni pete mbili za chuma kigumu, moja ndani ya nyingine, na katikati yake gololi zilizopangwa safu mbili. Imejazwa grisi, ikazibwa pande zote ili maji na vumbi visiingie. Pete ya ndani inazunguka pamoja na gurudumu. Pete ya nje imekaa tuli. Uzito wote wa upande ule wa gari unapita humo. Starlet tupu inakaribia kilo 800, na zaidi ya nusu ya uzito huo iko mbele, kwenye injini. Sasa ongeza watu saba, magunia mawili ya makaa, beseni za samaki wa sambaza zinazokwenda mjini, kisha ongeza mashimo ya barabara, tope la msimu wa mvua na vumbi la Julai. Kitu kinachobeba hayo yote kinaenea katika kiganja cha mtu mzima, na aliyekaa ndani ya gari hakioni kamwe.

Wanaofanya vita walikijua kuliko sisi. Mwaka 1943 ndege za Marekani zilikwenda mara mbili, mwezi wa Agosti na mwezi wa Oktoba, kupiga mji wa Schweinfurt huko Ujerumani, zikapotea makumi kwa makumi na vijana waliokuwemo. Katika mji ule hawakutafuta ikulu ya mtu. Walitafuta viwanda vya beringi, kwa sababu walijua kwamba lori, kifaru na ndege vyote vinasimama juu ya gololi hizo ndogo. Aliyetaka kulisimamisha jeshi kubwa alikwenda kutafuta kinachobeba. Inaniuma kwamba adui ajue wapi nyumba inapobebewa, na sisi wenye nyumba tusijue.

Fundi aliinua gari kwa kriki. Akashika tairi juu na chini kwa mikono miwili, akalitikisa: likacheza. Akalizungusha, na mkono mwingine akauweka juu ya springi, akanyamaza kidogo. Akaniita niweke mkono wangu pale. Nikasikia mkwaruzo unapanda kwenye chuma hadi vidoleni, ingawa sikioni haukufika. Fundi hakuuliza kwanza gari limefanya kosa gani. Aliweka mkono, akasikiliza.

Kisha ikaja kazi ngumu: kufungua nati kubwa ya ekseli kwa spana iliyovalishwa bomba refu, kutoa breki, kukitoa kitovu cha gurudumu kwenye presi. Beringi ya zamani ilipotoka akaipasua, akanionyesha. Grisi ilikuwa imegeuka tope jekundu. Maji yalikuwa yameingia. Lakini lililonishika zaidi ni pete ya nje. Njia ya gololi ilikuwa imeliwa upande mmoja tu, na upande wa pili bado unang'aa, mtu angesema ni mpya. Nikamwuliza sababu. Akanieleza kwamba gololi zinapokezana: gololi inafika mahali pa uzito, inabeba kitambo kidogo, inapita, nyingine inashika zamu. Pete ya nje haina zamu. Haizunguki, kwa hiyo ni sehemu ile ile inayopokea uzito, kila siku, miaka yote, mpaka ngozi ya chuma inaanza kubanduka.

Ndugu zangu, katika kila boma la Katana kuna mtu wa namna hiyo, na wengine wote wanaomzunguka bado wanang'aa. Ni yule mama anayeondoka kabla ya jua na mzigo wa ndizi mgongoni, kamba imekaza kwenye paji la uso, kwenda soko la Mudaka, na akirudi jioni ndiye huyo huyo anayetafuta maji na kuni. Ni kijana wa kwanza aliyepata kazi mjini, ambaye ada ya shule ya wadogo wote inamngoja yeye peke yake. Ni muuguzi wa zamu ya usiku pale hospitali ya Fomulac. Na tangu Februari 2025, vita ilipofika Kavumu na Bukavu na benki zikafungwa, nyumba zilizokuwa zinalisha watoto watano zinalisha kumi, na chungu ni kile kile.

Mtu aliyechoka naye anatoa sauti, kama hiyo ya gurudumu. Mama aliyekuwa mpole anaanza kugombana kwa jambo la chumvi. Mwalimu wa katekesi anachelewa, halafu haji kabisa. Baba anakuwa mtu wa kunyamaza, au wa pombe ya kasiksi. Na sisi tunaongeza redio. Tunaimba kwa nguvu zaidi, tunasema amebadilika, imani yake imepoa, siku hizi ana kiburi.

Someni nyumbani kitabu cha Hesabu, sura ya 11. Musa amewabeba watu jangwani mpaka amefika mwisho. Analalamika mbele ya Mungu bila kupima maneno: anauliza kama ni yeye aliyechukua mimba ya taifa hili lote, hata alibebe kifuani kama mlezi anavyobeba mtoto anyonyaye, na anaomba, kama mambo ni hivi, afadhali Mungu amuue. Hiyo ni sala ya nabii. Mimi huirudia mara nyingi sura ile, kwa sababu ya lile ambalo Mungu hakulifanya. Hakumwambia Musa kwamba imani yake ni ndogo. Hakumkumbusha bahari aliyovushwa. Alimwambia alete wazee sabini, wasimame pamoja naye, wachukue mzigo wa watu, asiuchukue peke yake. Malalamiko yalipokewa, na jibu lake likawa watu.

Kuna namna ya kusaidia inayoharibu, na hapa narudi kwenye presi. Beringi mpya inaingizwa katika tundu lake kwa nguvu kubwa, na wengi huiua pale pale kabla haijatembea hata kilomita moja. Pete inayobana kwenye tundu ni ya nje, basi nguvu isukume ya nje. Ukisukuma ya ndani, nguvu yote inapita kwenye gololi, nazo zinachimba alama ndogo katika njia zake. Jicho halizioni. Gari linatoka garajini kimya, mwenye gari analipa na kushukuru, na baada ya muda mfupi mvumo umerudi. Fundi wetu alichukua pete ya nje ya beringi ya zamani, akaipunguza kidogo kwenye jiwe la kunolea, akaiweka juu ya ile mpya ili presi iguse pembeni peke yake. Zamu ya kuingiza kitovu ilipofika akageuza mpango, akaiegemeza pete ya ndani. Alifanya bila haraka. Vijana wawili waliokuwa wanamtazama walikuwa na nyundo mkononi, akawaambia waiweke chini.

Mama mjane anakuja kutueleza kwamba hawezi tena, na sisi tunamwambia: kurage mama, jikaze, wewe ni mwanamke wa nguvu, Mungu hakupi mzigo unaokushinda. Tunadhani tumemsaidia. Tumesukuma pale pale panapobeba. Maneno hayo yote yanapita katika mwili wake, na anarudi nyumbani na mzigo wa jana pamoja na mzigo mpya wa kuonekana hodari mbele yetu. Katika sura ile Mungu hakumtia Musa moyo kwa maneno matupu. Alichukua sehemu ya kazi, akawapa wengine. Anayemwambia mjane ajikaze na ashike kwanza dumu lake la maji.

Neno moja pia kwa wafanyabiashara wetu. Beringi bandia zipo sokoni, ndani ya maboksi mazuri yenye majina makubwa, na anayeziuza anajua. Gari linalobeba mama wa uchungu usiku kwenda Fomulac linaweza kuwa limesimama juu ya kitu hicho. Nawasihi, kama una sanduku la namna hiyo dukani, lisiuzwe tena.

Na kwa wanaobeba: mnayo ruhusa ya kutoa sauti. Najua tulivyolelewa, kwamba mtu mzima anakufa na neno lake tumboni na watu wanamsifu kaburini. Musa hakulelewa hivyo, au kama alilelewa hivyo, aliacha. Mje, mseme. Kama si kwangu, basi kwa mwenzako wa shirika unayemwamini, na kabla gurudumu halijachomoka njiani.

Jumapili ijayo, baada ya misa ya pili, viongozi wa mashirika yote wabaki kanisani. Kila mmoja aje na karatasi yenye kazi zinazofanyika katika shirika lake: anayepeleka wagonjwa hospitalini, anayefundisha watoto, anayefagia kanisa, anayekusanya mchango, anayelala msibani mpaka asubuhi. Mbele ya kila kazi aandike jina la anayeifanya kweli, hata kama si yule aliyechaguliwa kuifanya. Jina litakalotokea mara tatu, mimi na katekista tutakwenda kwake jioni ile ile kumuuliza ni kazi ipi tumpokee kwanza.