Kitanda cha mtoto nacho ni amana



Nilikwenda kwa seremala kumnunulia mjukuu wangu kitanda. Nikavutiwa na kimoja chenye nakshi na mto mzuri. Mke wangu akapitisha ngumi kati ya fito zake, ikapita. Akasema: “Mzee, mwili wa mtoto utapenya hapa, kichwa kitabaki ndani.” Nikajitetea kuwa Mlinzi ni Mwenyezi Mungu. Akanikumbusha yule mtu aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amwache ngamia wake huru na kutawakali. Aliamrishwa amfunge kwanza, kisha atawakali. Wallahi niliona haya.

Basi ndugu zangu, nakshi si hoja. Nafasi kati ya fito isizidi sentimita 6. Godoro liwe gumu na lienee, vidole viwili visipenye ubavuni. Mto, blanketi zito na wanasesere vikae nje. Mtoto alazwe chali, na chandarua kichomekwe vizuri chini ya godoro. Cha mtumba chenye ubavu wa kushuka tusikichukue; Marekani ilivipiga marufuku vitanda hivyo mwaka 2011, baada ya watoto kadhaa kubanwa humo na kufa.

Kile cha nakshi nilikiacha. Seremala alinitengenezea kingine, fito zikiwa zimekaribiana.

Mtoto si mali yetu, ni amana. Kila mchunga ataulizwa juu ya alichokichunga, na mtoto aliyelala hana wa kumsemea ila sisi.

Wabillahi tawfiq.