Kujitoa na Kujitolea: Fikra juu ya Ulinzi wa Hifadhi za Pwani

Lugha yetu imetuwekea maneno mawili yanayofanana kama mapacha, lakini kila moja limeshika njia yake. Mtu akisema amejitoa, twaelewa kwamba ameuacha ushirika. Ameweka kasia chini na wenziwe wangali kilindini. Akisema amejitolea, twaelewa kinyume chake: amejitia ndani zaidi ya alivyotakiwa. Kinachoyatenga maneno haya ni silabi moja tu, nayo ni ile ambayo wanasarufi huiita alama ya kutendea. Tena kutendea hakusimami peke yake. Humpikii mtu ila awepo wa kupikiwa, wala humlimii ila awepo wa kulimiwa. Kwa hiyo neno kujitolea, kila linapotamkwa, hutudai jibu: umejitolea kwa ajili ya nani?

Tumelileta swali hili kwa sababu ya kazi moja inayofanywa gizani katika fukwe za taifa letu, na ambayo wengi tunaolala mijini hatuifahamu. Katika ufuo wa Madete, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Saadani, na katika visiwa vya Mafia, wako wanavijiji waliojitolea kulinda viota vya kasa. Kasa jike hupanda pwani usiku, akachimba shimo juu ya mstari wa maji makuu, akataga mayai mia moja na zaidi, akayafukia, akarudi baharini. Hayaoni tena. Ila mburuzo wake mchangani ni mpana kama njia ya trekta, na yeyote apitaye alfajiri anaweza kuufuata hadi kiotani. Basi kazi ya kwanza ya mlinzi ni kuufuta mburuzo huo. Kazi ya pili ni kukisia kama maji ya bamvua yatakifikia kiota. Ikiwa yatakifikia, mayai huhamishwa mapema, moja baada ya moja, bila kugeuzwa juu chini, kwani yai la kasa likigeuzwa baada ya saa chache kilichomo hufa. Kisha ni kungoja kiasi cha miezi miwili, huku mlinzi akirudi tena na tena kuangalia mbwa, nguchiro, kaa na watu.

Baada ya taabu yote hiyo makinda huanguliwa, hukimbilia mahali penye mwanga wa upeo wa bahari, na wengi wao huliwa kabla hawajafika mbali. Yule atakayenusurika huenda akakaa miaka 25 au 30, na pengine zaidi, kabla ya kupanda pwani kutaga. Mlinzi mwenye umri wa miaka 50 anayekilinda kiota leo anajua kwamba, kwa hesabu ya kawaida ya umri wa wanadamu, hatamwona akirudi.

Hapa ndipo tunapopata jambo la kulipima. Katika sehemu kadhaa za pwani yetu wanavijiji wamejizoeza kuufunga mwamba wa pweza kwa muda wa miezi mitatu hivi. Pweza hukua upesi na maisha yake ni mafupi. Mwamba ukifunguliwa, wanaume na wanawake walioshika vijiti na mikuki ni wale wale waliovumilia njaa ya kungoja. Hilo ni jambo jema sana, nasi twalisifu. Lakini halistahili kuitwa kujitolea. Ni akiba. Mkono uliofunga ndio unaofungua. Kasa hafanyi hivyo. Aliyelinda hapokei, na atakayepokea hajazaliwa, wala hatajua jina la aliyefuta mburuzo. Tukitaka kuona kujitolea kulikotakata, bila mchanganyiko wa biashara, basi na tukutazame ufukweni saa nane za usiku wa masika.

Wako watakaosema kwamba hii ni tabia tuliyofundishwa na wageni. Hatukubali. Watu wa pwani tangu zamani wamejua kuitikia mbiu bila kuuliza ujira. Jahazi linapokamilika kuundwa, haliwezi kufika majini kwa nguvu za fundi na mwenyewe peke yao. Kijiji chote huitwa kulishua. Watu hushika kamba, huimba, huvuta kwa pamoja, na mwenye chombo huwapa chakula. Chakula kile si mshahara, na mtu akikiita mshahara atakuwa amewatukana waliokuja. Ni alama ya kwamba mwenye chombo ameona. Tutalirudia jambo hili mbele, maana limebeba zaidi ya tunavyodhani.

Hata hivyo lazima tuseme kweli upande wa pili pia. Kasa hakuwa mtukufu kwetu. Katika karne ya kwanza, baharia mmoja wa Kiyunani aliyeiandika safari ya bahari yetu alitaja magamba ya kasa kuwa ni bidhaa iliyotoka katika bandari ya Rhapta, na akaeleza habari za kisiwa ambacho watu wake walikuwa na vyombo vilivyoshonwa, tena waliwatega kasa kwa vikapu vilivyosukwa na kuwekwa katika mikondo ya maji. Msomaji wa pwani hana haja ya kamusi hapa: ni ndugu wa dema, ambalo bado linasukwa hadi leo. Kwa muda wa karibu miaka elfu mbili, kwa hiyo, tumemla kasa, tumekula mayai yake, na tumeuza gamba la ng'amba. Maana yake ni kwamba mwanakijiji anayelinda kiota hatoi usingizi wake tu. Anatoa pia kitoweo ambacho babu yake asingekiacha, na ambacho jirani yake hajakubali kukiacha. Mara nyingine anamzuia shemeji yake. Hilo ndilo gumu zaidi, kupita mvua na mbu.

Sasa na tuliendee swali lenyewe, ambalo sisi tuliomo katika utumishi wa umma hatuna ruhusa ya kulikwepa. Je, serikali inaweza kumwomba mtu ajitolee kulinda kitu ambacho imekwisha mwambia kwamba si chake?

Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilitangazwa mwaka 1995, nayo ndiyo ya kwanza ya aina yake katika Tanzania. Ina eneo la kilomita za mraba 822, na ndani yake wamo watu: wa Chole, wa Juani, wa Jibondo na wa vijiji vya kusini mwa kisiwa kikubwa. Inajulikana kwamba wengi wao waliipokea hifadhi kwa furaha, kwa sababu walichoshwa na wavuvi wa baruti waliotoka nje, waliopasua matumbawe na kuua samaki wazima na wachanga kwa pamoja. Walidhani wamepata mlinzi. Lakini haikuchukua muda wakaona kanuni zinagusa nyavu zao wenyewe na miamba waliyoirithi. Sheria ya Hifadhi za Bahari ya mwaka 1994 iliagiza kwamba wanavijiji washirikishwe katika hatua zote za kupanga na kuendesha hifadhi. Ni sheria nzuri. Uzuri wake, hata hivyo, hauko katika karatasi bali katika mkutano: nani aliitwa, alisema nini, na alichosema kiliandikwa wapi. Na si Mafia tu. Kando ya pwani zipo sehemu ambako mpaka wa hifadhi umegombaniwa kwa miaka mingi, mtu asijue kama nyumba aliyozaliwa iko ndani au nje ya ramani.

Sisi twaona jambo hili liko wazi. Mtu hawezi kutoa asichokuwa nacho. Wahenga walinena kwamba kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, nasi twaafiki. Maskini hutoa, tena hutoa zaidi ya tajiri. Lakini hata huyo maskini wa methali ana kile kidogo kilicho chake, na ana uwezo wa kukataa. Mnyang'anye uwezo wa kukataa, na umemnyang'anya pia uwezo wa kutoa. Wakubwa wetu waliokuwa watu wazima baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 wanakumbuka shule na zahanati zilizosimama kwa mikono ya wananchi, wakabeba mawe kwa nyimbo; na wanakumbuka vilevile kwamba mahali pengine majina yaliitwa na asiyefika alitozwa faini. Watu, kwa ucheshi wao, wakaita kazi hiyo kujitolea kwa lazima. Kicheko hicho kilikuwa fundisho la sarufi kuliko tulilopewa darasani.

Kuna suala la fedha pia. Huko Watamu, nchini Kenya, ambako hifadhi ya bahari ilitangazwa mwaka 1968, wavuvi wanaotoa taarifa ya kasa aliyenaswa nyavuni ili arudishwe baharini hupewa fidia ndogo. Wengine hunung'unika kwamba fedha huua moyo. Leo amelipwa kwa kasa, kesho hatainama kuokota bila malipo. Woga huo una msingi. Lakini tukumbuke chakula cha kushua jahazi. Kuna malipo yanayomgeuza mtu kibarua, na kuna malipo yanayosema tu kwamba muda wako umeonekana, wavu wako uliokatwa umeonekana. Tofauti haiko katika kiasi cha shilingi. Iko katika jinsi zinavyotolewa na nani anazipanga. Afisa anayepokea posho ya safari kwenda kuwahimiza wanavijiji wajitolee bure, huyo ajiulize kwanza kabla ya kuzungumzia moyo.

Wageni nao huja. Vijana wa Ulaya na Marekani hulipa fedha zao ili wafanye kazi majuma machache katika hifadhi za pwani yetu, wahesabu samaki, waokote plastiki, wakeshe na kasa. Hatuwacheki, mgeni njoo, mwenyeji apone, na wako waliotusaidia kwelikweli. Ila tunaomba hesabu ya haki. Mgeni hurudi kwao na picha na cheti. Mwenyeji aliyemwonyesha kiota, aliyejua upepo na kilindi, aghalabu hana cheti wala jina katika taarifa.

Neno hifadhi lenyewe watoto wa pwani hulijua chuoni kabla ya kulikuta katika bango la barabarani. Kuhifadhi ni kulitia somo moyoni hata mtu aweze kulisoma bila kitabu. Hifadhi ya bahari ambayo imo katika ramani tu, na haimo katika vifua vya watu wa Juani na Jibondo, bado haijahifadhiwa kwa maana hiyo ya kwanza.

Basi ofisi inayotaka watu wa kujitolea na ianze na mambo madogo. Iwape tochi za mwanga mwekundu, kwa kuwa mwanga mweupe humfukuza kasa. Iwape na betri, ili mtu asizinunue kwa fedha za unga. Iandike majina yao katika taarifa ya mwaka, siyo idadi yao tu. Na katika kikao kinachoamua mwamba upi ufungwe na wavu upi ukatazwe, viti viwili au vitatu viwe vyao, wenye sauti na wenye kura. Kisha waulizwe kama wanataka kuendelea, na atakayesema hataki aachwe aende zake kwa amani, wala jina lake lisiwekewe alama.